Boksi la Chini ya Siti

Pikipiki ile ilikaa stoo kwangu miaka ishirini na mitatu chini ya turubai, na kila aliyeingia humo kuazima jembe nilimwonyesha. "Hiyo ndiyo kazi ya mdogo wangu," nilikuwa nasema. "Nilimpa nzima, akanirudishia chuma." Wengine walitikisa kichwa, wengine walicheka. Nilisimulia mpaka mke wangu akawa ananikatiza: "Baba, mtu kaja kuazima jembe. Mpe jembe aende zake."

Niseme mapema mimi ni mtu wa namna gani, usije ukanionea huruma mahali pasipostahili. Nilifundisha hesabu zaidi ya miaka thelathini, vijijini kwanza, halafu hapa Sumbawanga mjini. Ualimu una ugonjwa wake. Ukizoea kalamu nyekundu, unaiona dunia nzima kama daftari la mtoto, na kazi yako ni kutafuta pa kuweka mkasi wa kosa. Mimi niliugua ugonjwa huo vibaya sana. Kosa nililiona upesi, na nikishaliona sikurudi kulitazama mara ya pili.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kijapani, ya cc mia moja, tangi jekundu. Ni zile za zamani, injini za kuchanganya tulikuwa tunaziita, kwa sababu oili haikuwa na mahali pake. Ulimimina oili humo humo ndani ya petroli, ukatikisa, na mchanganyiko huo ndio uliolainisha injini. Ukisahau oili, pistoni inakauka ndani ya silinda, inapata moto, inang'ang'ania ukuta, na hapo safari imekwisha. Bodaboda za siku hizi hazina habari hiyo. Vijana wakisikia unachanganya oili na petroli wanakutazama kama umesema unachanganya chai na maharage.

Kitu kingine. Huku juu Ufipa hewa ni nyepesi, na baridi yetu haina adabu. Pikipiki iliyotoka dukani ikifika huku inakohoa, plagi inalowa, moshi unajaa ua mzima. Sisi wa juu tulikuwa na mtindo wetu. Ndani ya kabureta kuna jeti, kimsumari cha shaba chenye tundu jembamba kinachopima petroli inayoingia. Unaitoa ile iliyokuja nayo, unaweka yenye tundu dogo zaidi. Hewa kidogo, petroli kidogo. Pikipiki inatulia, inakupeleka Laela na kukurudisha bila kelele. Yangu nilibadilisha jeti kwa mkono wangu mwenyewe, na nilijisifu kwa walimu wenzangu wote.

Mdogo wangu nilikuwa nimemlea. Baba alifariki yeye akiwa darasa la pili, na mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, kuchunga, kuendesha baiskeli na baadaye pikipiki. Alikuwa mpole kupita kiasi. Nikimfokea alikuwa anainamisha kichwa na kusema "sawa, kaka," na mimi nilidhani hiyo maana yake ni kwamba nimesema kweli.

Basi mwaka ule akaanza biashara ya dagaa. Nikampa pikipiki ateremke Kasanga, ziwani, apakie, arudi. Barabara ilikuwa ya vumbi wakati huo. Kuteremka aliteremka salama. Aliporudi, na gunia la dagaa nyuma, injini ikashika katikati ya mlima. Akaisukuma kurudi Kasanga, akakaa huko wiki nzima, halafu siku moja lori la mizigo likasimama mlangoni kwangu na pikipiki juu yake, imefungwa kamba.

Dereva akanisalimia vizuri, akanisaidia kuishusha. Halafu akasema, "Mwalimu, mdogo wako ameniagiza nikwambie ufungue boksi la vifaa, lile la chini ya siti."

Nikapiga kiki. Kiki haikushuka hata inchi moja. Nikajua mara moja: hakuweka oili. Ni kosa la kitoto, kosa la mtu asiyesikiliza, na nilikuwa nimemwambia mara mia. Kuhusu boksi, nilijua kitakachokuwemo: barua. Maneno matamu ya kuomba radhi, na visingizio. Nikamwambia dereva, "Mwambie sina haja ya barua zake. Mwambie asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na asikanyage hapa kwangu mpaka ajue kuchanganya oili."

Dereva alinitazama kidogo. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Lori lilipoondoka akasema, "Si ungefungua tu uone?" Nikamwambia mambo ya injini ayaache. Hakusema tena siku ile, ila kwa miaka iliyofuata, kila nilipomsimulia mgeni hadithi yangu, alirudia neno lile lile kwa sauti ya chini: fungua tu uone. Mimi nikazidi kutofungua. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na mimi Idi yangu ilikuwa mbali.

Mdogo wangu hakurudi. Tukasikia amevuka kwenda Zambia na boti za mizigo. Alikuja mara moja tu, kwenye msiba wa mama. Alifika mchana, akaja mpaka nilipokaa, akasema, "Shikamoo, kaka." Nikaitikia "marahaba" na kugeukia wageni wengine. Siku ile watu walikuwa wanaingia na kutoka stoo kuchukua viti. Nilimwona amesimama pale mlangoni, anatazama turubai. Halafu akanitazama mimi, muda mrefu, kama anayengoja kitu. Nikajisemea, anangoja nimsamehe, na aombe kwanza. Matanga yalipovunjwa akaondoka bila kuaga, na sikumwona tena.

*

Nimeandika habari ya mke wangu kama yupo. Alitangulia mbele ya haki, sasa ni mwaka wa tano. Watoto wako Mbeya, Dodoma, na mmoja Dar. Wanapiga simu Jumapili, wanauliza nimekula nini, nawadanganya. Nikastaafu. Hapo ndipo nilipojua kuwa nyumba ina sauti zake ambazo huzisikii ukiwa na watu: bati linavyolia jua likipanda, friji linavyotetemeka na kunyamaza. Nilikuwa naenda sokoni Majengo kununua nyanya tatu ili kesho nipate sababu ya kwenda tena. Wauzaji wote waliniita Mwalimu, walinisalimu kwa heshima, na hakuna aliyeniambia "kaa kidogo." Watu hawamwambii mtu kama mimi akae. Upweke ni mbaya, tena ukijua umeutengeneza mwenyewe unakuwa mbaya mara mbili.

Asubuhi moja ya Juni, upepo unavuma, nikaingia stoo na kuvuta turubai. Sikuwa na nia njema yoyote, wala sikuwa nimemkumbuka mdogo wangu kwa wema. Nilitaka tu kelele ndani ya ua wangu. Nilitaka kitu cha kushika ambacho kingenipa kazi mpaka saa ya chakula.

Panya walikuwa wamekula siti hadi sponji. Boksi la vifaa lilikuwa pale pale, limefungwa, ufunguo ulishapotea na kitasa kimeota kutu. Nikalitazama, nikasema hilo baadaye. Kusema kweli niliogopa, ila wakati ule niliita uvivu.

Nikaanza na juu ya injini. Nikatoa plagi, nikamimina mafuta ya taa kwenye tundu lake, nikayaacha yaloweke wiki nzima kuilegeza pistoni. Nikatoa ekzosi na kabureta. Nikafungua nati nne za hedi, kile kifuniko cha silinda, kila moja ikilia, nikainua hedi, nikaona kichwa cha pistoni kwa mara ya kwanza. Kilikuwa cheupe kama majivu. Nikagonga silinda kidogo kidogo kwa nyundo ya mbao, huku na huku, siku mbili, mpaka ikakubali kupanda. Ukuta wake ulikuwa na mikwaruzo upande wa ekzosi, na kutu ya miaka ikiwa imejaa ndani ya mikwaruzo ile. Ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zilikuwa zimekandamizwa kwenye mifereji yake, hazitikisiki.

Nikachomoa pistoni kwenye konrodi, ule mkono wa chuma unaoibeba. Pale juu ya konrodi kuna beringi ndogo, ambayo pistoni huilalia. Nikaitoa ili niitupe, maana injini iliyokosa oili huunguza beringi hiyo kabla ya kitu kingine. Ikaniachia utando mzito wa kahawia kwenye vidole. Nikaifuta na kitambaa. Chini ya utando ilikuwa inang'aa, nzima kabisa. Nikaizungusha kwa kidole, ikazunguka.

Nikakaa chini pale pale sakafuni. Nikajiambia huo ni uchafu tu, na vitu vyote vikikaa miaka ishirini vinaota utando. Nikaifunga kwenye gazeti na vitu vingine, nikapeleka kwa fundi.

Fundi huyu ana mashine ya kuchongea vyuma, nyuma ya maduka ya Majengo. Mzee wa rika langu, mkimya, miwani yake imefungwa kwa waya. Nilimtaka achonge silinda, yaani aipanue kidogo mpaka mikwaruzo iishe, halafu tutafute pistoni kubwa zaidi ya kuikalia. Akapokea silinda, akaipeleka mwangani. Akachukua pistoni. Akachukua beringi. Mimi nilikuwa naongea muda wote, namsimulia hadithi yangu ile ile ya mdogo wangu asiyeweka oili.

Aliponiachia nafasi ya kumaliza akasema, "Mwalimu, oili ilikuwemo."

"Fundi, ilishika mlimani. Hakuweka."

"Ilikuwemo. Hii beringi ingekuwa ya bluu, ungeitoa vipandevipande. Hii pistoni imekufa kwa joto. Tazama juu yake, nyeupe. Ilikosa petroli." Akanionyesha kwa kucha. "Aliipeleka wapi?"

"Kasanga."

"Kasanga!" Akaweka pistoni mezani. "Nani aliweka jeti?"

Nikainama kuitazama ile pistoni. Yeye akaendelea, anafuta mikono, haonekani kujua anachonifanyia. "Sisi wa huku juu tunaponzwa na jambo hili. Tunaweka jeti ndogo, tunasahau. Kule ziwani hewa ni nzito, inataka petroli nyingi. Ukishuka na jeti ya huku, injini ina njaa. Tambarare itavumilia. Ukianza kupanda na mzigo, kwisha. Aliyeweka jeti ndiye aliyeiua, aliyeendesha hana kosa."

Nilisema "asante, fundi," nikatoka. Nilifika nyumbani sijui kwa njia gani. Nikaingia stoo, nikafungua kabureta, nikatoa jeti, nikaishika mwangani. Tundu dogo. Niliyoiweka mimi kwa mkono wangu mwenyewe.

Lo! Nilijisikia vibaya ambavyo siwezi kueleza. Nilifundisha watoto wangapi kurudia hesabu zao kabla ya kukabidhi? Mimi yangu nilikabidhi bila kurudia, nikamfukuza mtoto niliyemlea, nikasimama kwenye stoo hii kumtangaza mjinga kwa kila mwenye shida ya jembe. Nililia siku ile, mtu mzima, na hapakuwa na wa kuniambia nyamaza.

*

Silinda ilichongwa. Pistoni kubwa zaidi ilipatikana kwa mtu wa Mbeya anayehifadhi spea za zamani, ikaja na basi, na ringi zake. Nikafunga yote polepole, mshale wa pistoni ukielekea ekzosi, kila ringi mahali pake, gasketi mpya. Sikuwa na haraka. Nilikuwa nachelewesha boksi.

Ila kuna siku kila kitu kilikuwa kimefungwa, na kazi iliyobaki ilikuwa hiyo tu. Nikachukua bisibisi nene, nikakipindua kile kitasa, kikakatika kama biskuti.

Hapakuwa na barua. Hapakuwa na neno hata moja. Palikuwa na kifurushi cha mfuko wa nailoni, kimefungwa kwa uzi wa nyavu, mafundo madogomadogo ya mtu mwenye subira. Ndani kulikuwa na seti ya ringi mpya, bado zina grisi yake. Na ndani ya kipande cha kitambaa, jeti moja ya shaba. Nikatoa kwa muda ile yangu kwenye kabureta, nikaiweka hii karibu nayo. Tundu lake lilikuwa kubwa zaidi.

Ndiyo maana alikaa Kasanga wiki nzima. Alikuwa anatafuta.

Nikaijaribu ringi moja kwenye silinda, kwa kuwa sikuweza kutoijaribu. Nilifungua tena hedi kwa ajili hiyo tu. Ringi ilikuwa ya saizi ya kwanza, na silinda ilishachongwa. Ikabaki na mwanya unaopita njiti ya kiberiti. Mwaka ule ingekaa sawasawa. Mwaka ule silinda ilikuwa na mikwaruzo tu, haina kutu, ungepitisha msasa, ukavalisha ringi zile, ukaweka jeti ile, na mchana huo huo ungekuwa barabarani. Nikazirudisha ringi kwenye nailoni yake.

Jeti haikuwa imebadilika kitu. Nikaitia mfukoni.

Siku ya tatu nilichanganya oili na petroli, nikaondoka asubuhi. Sikumwambia mtu, na hapakuwa na wa kumwambia. Injini mpya haikimbizwi, kwa hiyo nilienda mwendo wa mbuzi, nikipitwa na bodaboda, malori, hata na kijana wa Kisukuma juu ya baiskeli aliyekuwa anakimbilia ng'ombe zake. Kila baada ya muda nilisimama niipumzishe. Barabara siku hizi ni lami. Matai nilikunywa chai, na mama muuza chai akaniuliza, "Mzee, unaenda wapi na hilo jitu la moshi?" Nikamwambia naenda kwa mdogo wangu. Ilikuwa uongo, sikujua hata kama yu hai. Lakini nilipenda nilivyolisikia neno hilo mdomoni.

Kabla barabara haijaanza kushuka nilisimama, nikaweka pikipiki kivulini, nikafungua kabureta, nikatoa jeti yangu na kuweka ya kwake. Jeti ikaniponyoka mara mbili kwenye nyasi. Nikapiga kiki, ikawaka. Nikateremka, na joto la ziwani likaja kunipokea usoni.

Kasanga niliuliza fundi wa zamani. Wakanielekeza kwa mzee anayetengeneza injini za boti, amekaa kwenye kigogo, mashine imefunguliwa mbele yake. Pembeni yake kulikuwa na vijana wawili wanamimina oili kwenye galoni la petroli na kutikisa. Hapo ndipo ujinga wangu uliponivaa mzima mzima. Injini za boti zote ni za kuchanganya! Kasanga hata mtoto anachanganya. Mdogo wangu aliishi wiki nzima kati ya watu hawa, na mimi nikamtumia salamu ajifunze kuchanganya oili.

Mzee wa boti hakunitazama mimi. Alitazama tangi.

"Hii naijua," akasema. "Hii ilikaa hapa kwangu wiki nzima. Wewe ndiye kaka yake? Yule mwalimu?"

Nikasema ndiyo.

"Ringi zilitoka Mpulungu, kule Zambia, zilikuja na boti. Jeti nilimpa mimi. Nikamwambia, mwambie kaka yako alikosea, abadilishe. Akanijibu, kaka yangu haambiwi, na injini yake hafungui mtu mwingine. Nitaweka kwenye boksi, ataona mwenyewe." Akacheka kidogo. "Nikasema huyu kijana ana heshima."

Nikamwuliza kama yu hai.

"Hai kwa nini asiwe hai? Yuko Mpulungu, ananiletea spea kila mwezi." Akatoa simu yenye laini ya Zambia, akabonyeza, akaongea maneno machache, akanipa.

"Shikamoo, kaka."

Sauti ilikuwa imezeeka. Marahaba yangu ilitoka kama kikohozi. Sikuuliza hali, sikuuliza watoto, sikumwuliza hata kama ana watoto. Nikasema, "Nimefungua injini. Oili ilikuwemo. Jeti ile niliweka mimi. Kosa ni langu, nilikuonea, mdogo wangu."

Nilisikia jogoo upande wake wa ziwa.

"Umefungua lini?" akauliza.

"Mwezi uliopita."

"Na boksi?"

"Wiki hii."

Akaongea polepole, kama anayehesabu. "Kaka, mimi nilijua ulifungua siku ile ile. Dereva alisema ujumbe amekupa, hayo mengine hakuniambia. Nikasema sasa ameona ringi, ameona jeti, ameshajua. Nikakaa hapo Kasanga nangoja uniite. Miezi mitatu. Halafu msiba wa mama nikaja, nikajua utaniita pembeni uniambie. Hukuniita. Nikasema basi, kumbe haikuwa pikipiki. Kumbe kaka hanitaki tu."

Nilikaa chini mchangani. Mzee wa boti akageukia mashine yake, akajifanya ana kazi. Miaka yote hiyo nilidhani nimemwadhibu kwa kutoweka oili. Yeye alibeba adhabu nyingine kabisa, nzito zaidi, na hakumwuliza mtu kwa nini. Nikasema, "Hapana, hapana, hapana," na sikuwa na neno jingine. Nililia kwenye simu ya watu.

Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Uko nayo hapo?"

"Ninayo."

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Iwashe niisikie."

Nikaamka, nikapiga kiki ya kwanza, ya pili, ya tatu ikawaka. Nikaishusha simu karibu na injini, nikaiacha hapo, moshi unaniingia machoni. Nilipoirudisha sikioni alikuwa anacheka, kicheko kile kile cha kuinamisha kichwa.

"Jeti ni yenyewe," akasema. "Lakini sauti imepanda, ina njaa ikiwa chini. Ile skrubu ya hewa kwenye kabureta…" Akasita. Nilimsikia anasita. "Skrubu ya hewa umeiacha ya kule juu, kaka. Umekosea. Ifunge robo mzunguko."

Nikainama, nikachukua bisibisi, nikazungusha kidogo.

"Hivi?" nikamwuliza.

"Bado kidogo, kaka," akasema. "Endelea."